Ngao Juu ya Kaburi la Baba

Kilcarna,
Kaunti ya Roscommon,
9 Novemba 1983

Kaka yangu Jarlath,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu uliponiandikia mara ya mwisho. Wifi yangu Beryl hajambo? Na watoto je? Umesema Kieran anaoa mwezi wa Machi. Mwambie shangazi yake amefurahi sana, na kile kitambaa cha meza alichokifuma Mama nimeshakifua na kukipiga pasi, nitakituma kabla ya Krismasi ili kimfikie kwa wakati. Mimi huku sijambo. Kifua kilinibana wiki mbili mwezi uliopita, sasa kimeachia. Mvua haijakatika tangu Siku ya Watakatifu Wote, na shamba la chini limejaa maji hadi kwenye ukuta wa Gaffney. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, salama salimini, bila hata kumwita mtu.

Barua zako zote mbili nilizipata. Nisamehe kwa kukaa kimya. Ya kwanza imekaa nyuma ya saa tangu Agosti, ya pili nikaiweka juu yake, na kila nilipokaa mezani kuandika nilijikuta nainuka kwenda kuangalia birika ambalo hata sikuwa nimelibandika motoni.

Umeniuliza jambo moja, na umeliuliza mara mbili: kama ngao ya ukoo imeshachongwa kwenye jiwe la kaburi la Baba. Umetuma na mchoro, korongo wote watatu na mkono wenye upanga, umepakwa rangi vizuri kabisa. Tena umesema watu wa ile ofisi ya Dublin inayoshughulikia ngao za koo wanapaswa kuona aibu, kwa kumwacha mzee afe akisubiri jibu lao, na kwamba unakusudia kuwaandikia uwape vidonge vyao. Nakuomba, Jarlath, usiwaandikie. Soma kwanza hadi mwisho. Jibu lako ninalo, lakini sina namna ya kulitoa kwa mstari mmoja.

Hukuwepo tulipomzika, na najua hilo linakuuma, kwa hiyo acha nianzie hapo. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Viti vilipungua tukaazima vya shuleni. Nilimvalisha suti ya kahawia, ile ya harusi yako, maana nyeusi ilikuwa inampwaya mabegani. Ile ngao ya mbao niliitoa ukutani, nikaisimamisha juu ya kabati pale kichwani pake, kwa sababu nilijua angeuliza iko wapi. Bartley Gaffney aliingia kutoka baani kwake na aproni bado iko kiunoni, akasimama mbele ya jeneza, akainua glasi yake, akasema, "Malachy, rafiki yangu, ukifika kule mlangoni tafadhali usianze kumhesabia Petro mababu zako. Watu wako foleni nyuma yako." Nyumba nzima ikacheka, mimi nikiwemo. Kisha Bartley akaketi karibu na mlango, akafunika uso kwa kofia, akalia mpaka mkewe akaja kumchukua.

Unakumbuka walivyokuwa wakitaniana wale wawili. Baba akiingia tu baani, Bartley anawaambia watu, "Sogeeni, sogeeni, mpisheni mtukufu." Au anamwuliza kama wale ndege wake wameshataga. Siku moja alimwuliza mbele ya watu, "Malachy, hebu nieleze. Kwenye ngao mkono umeshika upanga. Mbona wewe kila siku nakuona na koleo?" Baba akamjibu kwamba upanga uliporwa na Waingereza, na koleo ndilo walilomwachia, na kama Bartley ana kiu ya kujua zaidi basi amimine kwanza. Alikuwa hakosi neno. Lakini tukirudi nyumbani njiani alikuwa ananyamaza, na mimi niliyemshika mkono nilijua kwamba utani ule ulimgusa mahali.

Sijui kama aliwahi kukuambia habari ya lango. Mimi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunatoa viazi, mwaka ule Mama alipofariki. Alikuwa na miaka ishirini, anafanya kibarua cha kubeba mawe kwenye jumba la wale wakubwa waliokuwa na simba wawili wa mawe juu ya lango na ngao katikati. Mwenye jumba akapita na mgeni wake. Mgeni akauliza huyu ni nani. Mwenye jumba akamtazama Baba, ambaye alikuwa amemfanyia kazi miezi minane, akasema, "Si mtu, ni mmoja wa hawa wa hapa." Baba aliniambia alitaka kutaja jina lake. Mdomo ulifunguka, na sauti haikutoka. Akaniambia, "Attracta, nilikuwa na jiwe mikononi la uzito wa ndama, na nilichokosa ni jina tu." Kisha akarudi kwenye viazi vyake na hatukulizungumza tena.

Nadhani ngao ilianzia pale, ingawa ilichukua miaka thelathini na tatu kufika nyumbani. Mama alimtuma gulioni kuuza farasi jike na kununua blanketi mbili. Farasi aliuzwa, blanketi hazikuja. Alirudi na ngao imefungwa kwenye gunia kama mtoto. Ulikuwa umeshaondoka kwenda Australia, kwa hiyo hukuuona uso wa Mama. Alimwuliza kama atalala amejifunika ndege. Baba akamweleza jinsi muuzaji alivyokuwa na kitabu kikubwa cha majina ya koo zote za Ireland, akapekua mbele, akapekua nyuma, asilione jina la Mulcarna, akaguna kidogo, halafu akasema, "Aha, hawa hapa, wameandikwa kwa mtindo wa zamani." Baba mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba mtu yule aliguna kwanza. Alisimulia hivyo kila mara, miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kwa nini aliguna.

Na hadithi yenyewe ya jina unaijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa ukisimamishwa juu ya kiti, soksi zimelowa, uihesabu mbele ya wageni. Kwamba sisi tulikuwa watunza kengele ya Mtakatifu Carna kabla hakujawa na mnara hata mmoja wa kanisa katika kaunti hii. Kwamba mfalme hakuweza kwenda vitani mpaka mtu wa nyumba yetu atembee mbele yake na kengele. Kwamba ardhi ya kutoka mtoni hadi kilimani ilikuwa yetu. Malachy mwana wa Tomás, Tomás mwana wa Peadar, Peadar mwana wa Conor, yule wa jiwe la zamani kule makaburini. Ulikuwa ukifika kwa Conor unavuta pumzi, na Baba anakutikisia kichwa uendelee. Kila Novemba mimi na wewe tulilisugua jiwe lile kwa brashi na ndoo ya maji, na yeye anasimama kofia mkononi. Ukiuliza kwa nini tusisugue na mengine, anasema, "Mengine yana watu wake."

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, aliamua kwamba ngao iwekwe kwenye jiwe la Mama, ili na yeye akimfuata alale chini yake. Tukaenda kwa Luke Feeney, mchonga mawe. Feeney akasema hachongi ngao bila karatasi. Alishawahi kuchonga simba kwenye kaburi la watu fulani, ukoo mwingine wa jina hilohilo wakaja na nyundo wakidai simba ni wao, na siku ile ya misa kukawa na kupigana makaburini. Akamwambia Baba, "Mzee Malachy, niletee karatasi ya Dublin inayosema ndege ni wako, nami nitawachonga mpaka waruke." Baba hakukasirika. Alipenda kuambiwa kuna karatasi. Njiani alisema, "Feeney ana adabu ya kazi yake. Si mtu wa kuchonga-chonga tu."

Basi akaandika. Unajua macho yake yalivyokuwa, mtoto wa jicho ameshalifunika la kulia lote na la kushoto limebaki na ukungu. Nikamwambia nitamwandikia mimi. Akakataa. Alisema watu wa Dublin wakiona mwandiko wa mwanamke watadhani mwenye jina ameshakufa. Aliandika siku nne, kwa ile kalamu nene ya kuwekea alama kondoo, herufi kubwa kama mayai, na mistari inapanda kwenda juu. Aliomba waitafute nasaba yake kwenye vitabu vya parokia na wamthibitishie ngao. Barua yenyewe niliipeleka posta tarehe kumi Oktoba.

Tangu siku hiyo alihamishia kiti chake dirishani. Alikuwa haoni barabara, lakini aliijua injini ya gari la Scally wa posta kutoka kwenye njia panda. Ikifika karibu ananyoosha shingo. Scally akipita bila kusimama, Baba anasema, "Leo hana mzigo." Scally akisimama, mimi natoka kwenda langoni, na narudi na gazeti, au bili, au barua yako. Barua zako alizipenda, usije ukafikiri vinginevyo. Lakini aliziacha mezani mpaka baada ya chai, na kabla ya barua ile alikuwa mtu wa kusomewa barua yako hata kabla sijavua koti.

Krismasi ikapita. Bartley alikuja na chupa, akamwuliza kama Dublin bado wanawatafuta ndege porini. Baba akasema jambo la ukoo mkubwa halichunguzwi kwa siku moja. Januari ikaingia na baridi yake, akaanza kukohoa. Daktari akaja, akasema ni mapafu, na ni umri. Tarehe ishirini na tatu Februari, asubuhi, padri alimpa mafuta matakatifu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameondoka. Nilifungua dirisha, roho ipate njia. Nilisimamisha saa, kama tulivyomfanyia Mama. Mengine yote unayajua kutokana na simu ya Bartley.

Sasa Feeney amelegeza masharti. Nilipokwenda kwake Agosti alinionyesha bamba la jiwe alilotutengea, la kijivu, safi, halina mshipa hata mmoja. Akasema, kwa kuwa mzee hayupo, na kijana wake wa Australia ametuma mchoro mzuri hivi, atachonga bila karatasi. "Nani atakwenda kumshtaki marehemu?" akaniuliza. "We sema tu, Attracta. Nikianza kabla ya Krismasi, jiwe litasimama kabla mwaka wake haujatimia." Nikamwambia nitafikiri. Akanitazama kama mtu aliyempa mwenzake chai na mwenzake akasema atafikiri.

Kwa hiyo, Jarlath, hakuna aliyetuzuia. Nimezuia mimi. Na sababu yake nimeibeba peke yangu miezi kumi, sijamwambia hata padri kwenye kitubio.

Dublin walijibu.

Walijibu vizuri, kwa adabu, kurasa tatu zilizopigwa chapa, tarehe kumi na moja Januari. Scally alinipa bahasha langoni, ndefu, nyeupe, ina muhuri. Baba alikuwa dirishani nyuma yangu. Sikungoja. Nilijifanya napandisha soksi, nikaifungulia palepale nyuma ya nguzo ya lango, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zake zote, na nilitaka kujua ni sura gani niingie nayo. Nilisoma nimesimama kwenye tope. Scally aliniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia ni matangazo ya mbegu.

Walisema hivi. Kwamba korongo watatu na mkono wenye upanga ni ngao ya familia ya kule kusini, yenye jina linalofanana kidogo na letu, isiyohusiana nasi kwa lolote. Kwamba huku kwetu ngao hupewa mtu mmoja kwa jina lake, ikarithiwa na uzao wake, na hakuna ngao ya kila mwenye jina fulani, hata wauza vitu gulioni waseme nini. Kwamba kweli alikuwepo Mulcarna mmoja aliyeandikiwa ngao, zamani sana, kengele tupu ya rangi ya fedha kwenye uwanja wa buluu, hakuna ndege. Hadithi ya kengele, basi, haikuwa ya uongo. Nilipofika hapo niligeuza ukurasa haraka.

Ukurasa wa tatu ulimhusu Babu Peadar. Walikuwa wameupata ubatizo wake katika kitabu cha parokia yetu wenyewe, Februari 1847, ndani ya ile njaa kuu, viazi vilipooza nchi nzima. Padri wa wakati ule aliandika kwamba mtoto wa kiume, wa siku chache, wazazi wake hawajulikani, alikutwa kando ya ukuta wa kisima cha Mtakatifu Carna. Alipokewa na Sabina Mulcarna, mwanamke asiyeolewa, wa mwisho aliyebaki katika nyumba hiyo. Naye aliomba mtoto aandikwe kwa jina lake, jina lisije likafa. Na chini yake walikuwa wamenakili mstari mwingine, wa mwezi wa Mei mwaka uleule. Sabina Mulcarna, amezikwa na wengine kumi na wanne, bila majeneza.

Ndiyo hayo. Babu Peadar hakuwa mwana wa Conor. Hakuwa mwana wa mtu yeyote tunayeweza kumtaja. Jiwe tulilolisugua mimi na wewe kila mwaka lilikuwa na watu wake, nao walikwisha wote, na sisi tuliokuwa na ndoo tulikuwa wapita njia. Mtoto aliletwa na mtu ambaye pengine alikufa kabla hajafika mwisho wa barabara, na mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa amebakiza miezi mitatu akampa kitu pekee alichokuwa nacho kisicholiwa.

Nilirudi ndani na bahasha imo mfukoni mwa aproni. Baba akauliza, "Scally kaleta nini?" Nikasema mbegu. Akasema, "Mbegu, na barafu yote hii?" akacheka kidogo, akakohoa.

Nilijiambia nitamwambia kesho, akipata nguvu. Kesho yake alikuwa na homa. Nilifikiria kumsomea ukurasa wa kengele na kuuacha wa tatu, lakini unamjua Baba. Angetaka kuishika karatasi mkononi. Angehesabu kurasa kwa vidole. Angempa Scally amsomee mara ya pili, na Bartley mara ya tatu, na ingesomwa baani kabla ya Jumapili. Na mimi nilikuwa bado nausikia ule mdomo uliofunguka langoni bila sauti. Sikuweza kuwa mtu wa kumwambia, akiwa na miaka sabini na minne, amelala na mapafu yake, kwamba yule mwenye jumba alikuwa amesema kweli. Ndivyo nilivyoiona siku ile. Leo siioni hivyo. Leo nadhani ningemsomea yote, na nikifika kwa Sabina ningesoma polepole, na pengine angenyamaza siku mbili kisha angetaka tumpeleke makaburini. Lakini sikumpa nafasi ya kunionyesha kwamba nimemdhania vibaya. Nilimwamulia mimi.

Kwa hiyo akaendelea kusubiri. Wiki sita. Hata alipokuwa haamki tena, aliniomba nigeuze kitanda kielekee barabarani, nami nikakigeuza, barua ikiwa chini ya vitambaa vya Mama kwenye droo, hatua nne kutoka kichwani pake. Siku moja kabla hajaondoka, Scally alipita. Baba akaniuliza, sauti ndogo, "Kapita?" Nikasema kapita, Baba. "Hana kitu?" Nikasema hana. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Si kosa lao, Attracta. Labda hawakuweza kuusoma mwandiko wangu."

Hilo ndilo lililonifanya niinuke mezani kila nilipokaa kukuandikia. Mbele ya mwenye lango alikosa sauti, na mbele ya Dublin akafa akiamini amekosa mwandiko, na hilo la pili nimemfanyia mimi. Wao walikuwa wameusoma kila herufi. Katika mstari wa kwanza kabisa walimshukuru kwa barua yake, wakasema ni nadra siku hizi kupokea barua iliyoandikwa kwa uangalifu namna ile. Hata mstari huo mmoja sikumsomea. Ningeweza kumsomea huo tu.

Juma lililopita padri aligawa bahasha za Novemba, tuandike marehemu wetu ili wawekwe altareni. Niliandika Baba, nikaandika Mama, Babu Tomás, Babu Peadar. Kisha nikamwandika Sabina. Conor nilimwacha. Si kwa kumkataa, ila sikujiona tena na haki ya kumwombea kwa jina la ujukuu. Jumatatu nilikwenda nyuma ya kanisa la zamani, kwenye lile bonde dogo walipozikwa watu wa njaa, ambapo tulikuwa tukikatazwa kucheza. Hakuna jiwe pale. Nyasi tu, na maji. Nilisali nilichoweza, nikarudi nyumbani na viatu vimelowa.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Feeney. Nimemwambia asichonge ngao. Achonge jina la Baba, la Mama, na miaka yao, na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa uleule, Sabina Mulcarna, 1847. Feeney akaniuliza Sabina ni nani, mbona hajawahi kumsikia mzee akimtaja. Nikamwambia ni mtu wa nyumbani. Akaniuliza kama nina karatasi. Nikamwambia, safari hii ninayo. Sikusubiri ruhusa yako, na hilo nalo nisamehe.

Najua ngao ile umeipaka ubavuni mwa malori yako, na najua pete ya Kieran imeshafika kwa sonara ichorwe ngao hiyohiyo. Sikuambii ufute wala uvunje. Korongo ni ndege wazuri, na huko hakuna atakayekuuliza. Ila mtoto akija kuuliza jina limetoka wapi, mwambie lilitolewa, na nani alilitoa, na kwamba hakudai kitu.

Ukinikasirikia, una haki. Mimi ningekasirika. Umefiwa ukiwa mbali, ukajiliwaza kwa kuwalaumu watu wa Dublin, na sasa nimekunyang'anya hata hao. Kama hutaandika kwa muda, nitaelewa. Nitaendelea kukuletea habari za shamba hata usipojibu.

Bartley anakusalimu, na mkewe pia. Scally anauliza kila mara kama huko kweli Krismasi ni joto. Mbusu Beryl na watoto kwa niaba yangu.

Barua ya Dublin nimeiweka ndani ya hii, kurasa zote tatu, katika bahasha yake. Ina jina la Baba juu, na tangu Januari hakuna aliyeisoma isipokuwa mimi. Chagua mahali patulivu, Jarlath, uisome kwa sauti, tangu mstari wa kwanza. Mimi nilishindwa. Na ukimaliza kumwombea yeye, unikumbuke na mimi.

Dada yako,
Attracta